Muulize Shangazi: Kitanzi hakina fundo

Mwezi uliopita niligusia hapa kizulia kilichopo mlangoni kwangu Tanga, kile chenye jogoo mwekundu, na barua zimekuja nyingi kuliko za mapishi yote ya mwaka huu. Kwa ambaye hakusoma: ni zulia la vitanzi, kazi niliyoijifunza Portland, jimbo la Maine, Marekani, nilikoishi miaka 11. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini na ushei, alinikalisha jikoni kwake majira ya baridi moja akanifundisha. Unachukua kitambaa chenye matundu, unashika utepe wa sufu chini yake, unatia kulabu kutoka juu, unauvuta utepe uchomoze kitanzi. Unarudia tundu baada ya tundu mpaka uso wote ufunikwe. Hakuna fundo hata moja, na maswali yenu karibu yote yanarudi hapo hapo.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, na kroshia naijua. Nataka kujaribu zulia lako. Ninunue nini, na nianze na ukubwa gani? Kulabu yake sijaiona duka lolote.

Marahaba, mwanangu. Ukiwa fundi cherehani, nusu ya vifaa unavyo.

Kulabu usiitafute dukani. Yangu alinichongea fundi wa vyuma kwa msumari wa inchi nne. Alikata kichwa, akaufanya ncha kwa tupa, akachimba mdomo upande mmoja chini kidogo ya ncha, kisha akaupigilia kwenye kipande cha mpini wa jembe chenye unene wa yai la kuku ili kijae kiganjani. Mwambie amalizie kwa msasa laini. Kabla hujamlipa, ipitishe kulabu kwenye soksi ya nailoni mara tatu. Ikinasa hata mara moja, arudie kusugua, maana kinachonasa soksi kitachana nyuzi za kitambaa chako. Kulabu ya kroshia ya milimita 5 itakuvusha siku za mwanzo, ila ni nyembamba mkononi. Izungushie kitambaa pale unapoishika.

Kitambaa cha chini ndicho cha kutumia pesa. Tafuta pamba nzito iliyosukwa nyuzi mbilimbili, yenye matundu unayoweza kuyahesabu kwa macho, au kitani kizito. Acha sentimita 10 tupu kila upande wa mchoro, na upitishe zigizaga mistari miwili kwenye kingo kabla hujachora chochote. Nimeona watu wanachora kwanza, wanashona baadaye, na wakati huo ukingo umeshachanika hadi kwenye ua.

Fremu ni mbao nne tu, kama za picha. Bana kitambaa kwa vipini vya ubao wa matangazo au misumari midogo mpaka ukikigonga kitoe sauti ya ngoma. Kikilegea, kaza upya. Hata katikati ya kazi, kaza.

Sufu ipo kwenye mitumba, na huku Pwani makoti ya baridi hayana mnunuzi. Tafuta sketi ndefu na makoti ya kike, yasiwe na mpira. Lakini lebo nyingi zimekatwa, na si kila kizito ni sufu. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo, nenda nao pembeni, uwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Sufu inaungua polepole, inanuka nywele zilizoungua, na jivu lake unalisaga kwa vidole likawa unga. Nailoni na jamaa zake zinayeyuka zikawa shanga ngumu. Mimi wauza mitumba wameshanizoea. Wananiwekea kabisa na kibati.

Ukifika nyumbani, fumua mishono yote, toa bitana na vifungo, kisha fua kitambaa kwa maji ya moto na sabuni, ukikigeuza kwa mwiko, na ukitie kwenye maji baridi ghafla. Kitasinyaa na kushikana. Hicho ndicho unachotaka, maana sufu iliyoshikana haichomoki nyuzi ukiikata vyembamba. Ianike, kisha kata tepe za milimita 6 kwa kufuata uzi ulionyooka, urefu wa sentimita 30 au 40. Ukikata mshazari, utepe utakukatikia mkononi. Wenzetu wa Marekani wana mashine ndogo za kukatia na wanaita upana kwa namba: namba 8 ni robo inchi, ndiyo hiyo milimita 6, na namba 3 ni nyembamba kama tambi. Namba 3 iache mpaka mwaka kesho.

Ukubwa: sentimita 20 kwa 20, la kuwekea sufuria mezani. Sufu inahimili moto wa sufuria na utalimaliza wiki mbili. Kwa hesabu ya kitambaa, zidisha eneo la mchoro mara nne, mara tano kama mkono wako ni wa vitanzi virefu. Zulia la sentimita 40 kwa 60 linakula takriban mita moja ya mraba ya sufu, yaani sketi mbili ndefu zilizofumuliwa.

*

Shangazi, asalaam aleikum. Niko Mombasa. Nimeanza vizuri, lakini kila nikivuta kitanzi kipya, kile cha nyuma yake kinazama. Nimefumua mstari uleule mara nne. Je, kuna dawa?

Waaleikum salaam, mwanangu. Usifumue mara ya tano kabla hujasoma hapa, maana tatizo liko mkono wa kushoto, na mkono huo huuoni.

Uweke chini ya fremu, utepe ukiwa kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa na tundu unaloliendea. Wanaoanza huushika mbali, chini huko, na kuubana kama kamba ya ng'ombe. Utepe ukibanwa hauna pa kutoka, kwa hiyo kulabu inajipatia kitanzi kwa kuiba cha jirani. Uache uteleze. Vidole vya kushoto vinauongoza tu.

Sasa mkono wa kulia. Tia kulabu kwenye tundu na usukume hadi ule unene wa shingo yake ulipanue. Utahisi kidole cha chini kimeguswa na chuma. Ulaze utepe kwenye mdomo wa kulabu. Unapopanda, egemeza mgongo wa kulabu kwenye ukuta wa tundu ili mdomo upite katikati bila kunasa nyuzi za kitambaa. Na hapa ndipo dawa yako ilipo: kulabu ikishatoka juu, usiivute kwenda mbele unakoelekea. Ilaze nyuma, juu ya kitanzi ulichokimaliza, kama unakifunika. Ukivuta mbele unakinyang'anya kile cha nyuma. Ukilaza nyuma, kile cha nyuma kinabaki kimeketi.

Kimo cha kitanzi kiwe sawa na upana wa utepe. Utepe wa milimita 6, kitanzi cha milimita 6. Kikizidi, mkono wa kushoto ukivute chini kidogo. Kisha ruka tundu moja, au mawili kama kitambaa chako kina matundu madogo, ndipo uchomoze kingine. Bibi jirani yangu alikuwa akinishika kiwiko kila nilipotaka kujaza kila tundu. Mimi mwenyewe, nilipoelewa, nilielewa kwa safu ya msikitini: bega linagusa bega, hakuna anayesukumwa. Hicho ndicho kinachoshikilia zulia. Kitanzi hakikufungwa popote. Kinasimama kwa sababu kuna mwenzake kulia na mwenzake kushoto, na nyuzi za kitambaa zimembana kiunoni. Mmoja peke yake unaweza kumchomoa kwa ukucha. Mia wakiwa wamepangwa, vuta uwezavyo.

Mwanzo wa utepe uje juu, na mwisho wake uje juu. Mwisho wa huu na mwanzo wa ule unaofuata vitoke tundu moja, kisha uvikate kwa mkasi usawa wa vitanzi. Chini kusibaki mkia, na usivuke upande wa chini kutoka ua hadi ua kwa utepe uleule. Kata, uanze upya. Siku moja mguu wa kiti utaunasa uzi ule uliovuka, na ua zima litafuata.

*

Shangazi, habari za Tanga? Hapa Nakuru akina mama wengi wanatengeneza mati kwa gunia la nailoni na uzi. Naweza kutumia gunia hilo la mchele kwa kazi yako?

Huku kwema, mwanangu. Kazi ya akina mama wa huko naiheshimu, ila wao uzi wao wanaushika kwa fundo au kwa mshono, kwa hiyo gunia la nailoni linawafaa. Kwa vitanzi visivyofungwa halifai. Nyuzi zake ni bapa na zinateleza. Ukipanua tundu, linabaki limepanuka, halirudi kukibana kitanzi. Na mwishoni zulia hili linataka pasi ya moto, ambayo nailoni haiiwezi.

Gunia la kweli, la juti, lile la kahawa au korosho, ndilo lililoieneza kazi hii. Linavutika vizuri, na kwa kujifunzia linatosha kabisa. Lifue kwanza, na ukague nyuzi zilizokatika kwa kuliinua juani. Lakini kwa zulia unalotaka lifike kwa wajukuu, sikushauri. Juti inakauka na kuvunjika kadiri miaka inavyokwenda, na unyevu unaiozesha. Nimeshika Maine zulia la zamani lenye sufu nzima, rangi nzima, huku gunia la chini likidondoka kama majani makavu ya chai. Sufu ilikuwa haina pa kukaa tena.

*

Shikamoo Shangazi. Zulia langu la kwanza nimelimaliza, lakini nikilitoa kwenye fremu linajikunja kingo juu kama sinia. Nimeliwekea mawe siku tatu. Niko Dodoma.

Marahaba. Ondoa mawe, mwanangu, hayatasaidia. Umejaza mno. Ligeuze uangalie mgongo wake: nadhani huoni kitambaa kabisa, ni sufu tupu iliyosongamana. Mgongo wa zulia zuri unaonyesha vijinafasi hapa na pale. Ilimradi usoni hakuna pengo linaloonekana, vijinafasi hivyo ni afya yake.

Huna haja ya kufumua lote. Chomoa kitanzi kimoja katika kila vitatu au vinne kwenye mistari iliyobanana zaidi, kata mikia, na uache majirani wajinyooshe. Kisha lilaze kifudifudi mezani juu ya taulo kavu, litandikie taulo bichi lililokamuliwa, na ukandamize kwa pasi ya moto bila kuiburuta. Unaiweka, mvuke unapanda, unahesabu hadi kumi, unainua, unaiweka pengine. Geuza ufanye upande wa pili. Liache hapo hapo hadi likauke kabisa, hata kama ni siku mbili.

Zulia lijalo, chora mstari wa nje wa umbo kwanza, vitanzi vikae ndani ya mstari, halafu jaza kwa kufuata mkunjo wa umbo. Ukijaza mistari iliyonyooka kama jembe la trekta, jani lako halitaonekana jani.

*

Shangazi, mdogo wangu aliyeko Muscat ameniletea sindano ya kudunga, ile yenye mpini na tundu la uzi. Nimeandika KARIBU kwa ajili ya mlango. Nilipogeuza, maandishi yamekaa kinyume. Nimeharibu nini? Mimi niko Unguja.

Hujaharibu chochote, mwanangu. Umetumia chombo kingine. Sindano ya kudunga inafanya kazi kutoka mgongoni: unasukuma uzi, na kitanzi kinaota upande wa pili usiouona. Kwa hiyo kila ulichochora kitatokea kinyume, kama kwenye kioo. Maandishi yachorwe kinyume ili yatokee sawa. Kulabu yangu inavuta kutoka chini kuja juu, na unayoyaona mbele yako ndiyo yatakayobaki. Zote mbili zinatoa zulia la vitanzi, na sindano ina kasi zaidi, ila inataka uzi mrefu wa mfululizo na haitumii tepe za koti. Ile KARIBU yako ichomoe taratibu. Uzi utautumia tena, na matundu yatajifunga ukikwaruza kitambaa kwa ukucha.

*

Mama, jambo. Tulitoka Bukavu, sasa tuko Lewiston, Maine. Kwenye maktaba ya hapa wazee wanakutana kushona haya mazulia. Wanasema ni kazi ya kwao. Ni kweli, ao waliitoa Ulaya?

Jambo, mwanangu, na nimefurahi mno kusikia uko jirani na mlango nilioutoka. Ingia ukae nao. Sufu watakupa bure, nina hakika, maana kila mmoja ana magunia yake chini ya ngazi.

Kama tunavyoijua, kazi hii ilikomaa huko huko, pwani ya Maine na majimbo ya Kanada yaliyopakana nayo baharini, katika karne ya 19. Watu walikuwa na baridi kali, sakafu za mbao na nguo zilizochakaa. Magunia ya juti yalipoanza kufika kwa wingi, walipata kitambaa chenye matundu bila kukinunua. Mwendo wa saa moja hivi kutoka ulipo, mji wa Biddeford, aliishi mchuuzi wa vyombo vya bati, Edward Sands Frost. Mwaka 1868 alimwona mkewe akihangaika na kulabu mbaya, akamtengenezea nzuri, kisha akamchorea mchoro. Majirani wakataka na wao. Akakata michoro kwenye mabati ili aweze kuipaka juu ya gunia mara nyingi, akazunguka kuiuza kwenye gari lake pamoja na sufuria. Simba na maua yake bado yanachorwa hadi leo.

Huko juu zaidi, Newfoundland na Labrador, daktari Mwingereza Wilfred Grenfell alifika mwaka 1892, na misheni yake baadaye ikawapa wake wa wavuvi kazi ya kuvuta mazulia ya kuuza. Walitumia soksi za hariri za kike zilizochakaa, zilizotumwa kwa posta kutoka miji ya Marekani. Ndani yake waliweka waliyoyaona dirishani: dubu weupe, bata bukini, mbwa wa kuvuta sleji, barafu. Kwa mama wa nyumba ile, pesa ya zulia ilikuwa unga na nguo za watoto. Ukiwa na wazee wa maktaba, wachoree milima ya Kivu na ziwa lake. Hilo wao hawana.

*

Shangazi, zulia linafuliwaje? Morogoro.

Halifuliwi kwa kulowekwa, wala halipigwi fimbo, mwanangu. Lifagie kwa ufagio laini. Penye doa, futa kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo. Ukilihifadhi, livingirishe vitanzi vikiwa nje, usilikunje kamwe, na tia majani ya mwarobaini makavu ndani kwa ajili ya nondo.

*

Shikamoo Shangazi. Mama yangu alifariki mwaka jana. Ameniachia kanga. Doti mbili ziko kamili, na ya tatu imebaki kipande kimoja kilichochakaa sana, ndicho alichokuwa akijifunga jikoni. Nataka kuzifanya zulia ili nisizifungie sandukuni. Lakini mkasi nikiushika mkono unatetemeka. Niko Pangani.

Marahaba, mwanangu, pole sana. Mungu amrehemu.

Nitakujibu kifundi kwanza. Kanga inavutika, lakini ni nyepesi na kingo zake hutoa nyuzi, kwa hiyo usiikate milimita 6. Ichane kwa mkono. Pamba huchanika ikafuata uzi wake yenyewe. Fanya tepe za sentimita 2, na zitajikunja zenyewe zikipita kwenye tundu. Vitanzi vya kanga vinalala haraka vikiwa peke yake. Vizungushie sufu pande zote na sufu itavisimamisha.

Usizianze hizo kabla hujamaliza zulia zima moja kwa fulana kuukuu au sketi ya mtumba. Mkono unaotetemeka kwa huzuni na mkono unaojifunza usiviweke siku moja. Ukiwa tayari, kila doti ina vipande viwili vinavyofanana: chana kimoja, cha pili kikae kizima na jina lake, ukijifunge siku unazomtaka karibu. Kwenye kile unachokichana, katia pembeni ule ukanda wenye jina kabla ya yote. Maneno yale mama yako aliyachagua dukani. Usiyageuze kuwa vitanzi.

Na zulia hilo lisiwe la kukanyagwa. Lishonee mfuko mwembamba mgongoni, upitishe fimbo, ulitundike ukutani.

Kile kipande cha tatu cha jikoni usikiguse. Ukiona lazima kitie mkono wake humo, ng'oa utepe mmoja tu, kwenye ukingo wa pindo, pale palipokwisha kuchanika. Mimi jogoo wangu wa mlangoni ni koti jekundu la yule bibi wa Portland, alilonipa aliposhindwa tena kulivaa. Ila kwenye mkia, unyoya wa tatu kutoka chini, mna utepe mmoja wa kanga ya mama yangu. Wageni hawauoni. Mimi ninapofungua mlango asubuhi naujua ulipo.

Ukishaning'iniza lako, niandikie. Uniambie na jina la ile kanga ya tatu.